Bibi yangu alifaulu mtihani wa kumbukumbu, na nusura ufaulu huo umponze

Wakuu, salamu kwenu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Humu mimi ni wa kusoma tu. Miaka miwili sasa ninapita kimya kimya kama paka wa jirani, sijawahi kuandika hata neno moja. Leo nimejikaza. Ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na moja nimelifanya mwenyewe, ndiyo maana uso unaniwaka hapa ninapoandika. Majina nimeyabadilisha. Kijiji sikitaji, jueni tu ni upande wa Msambweni, na wa Msambweni wasianze kuchunguza.

Uzi ni mrefu. Mwenye chai na aimimine kwanza.

Mimi ni msichana, niko Form Three, ninasoma shule ya kutwa. Sifa yangu kubwa ni kunyamaza. Darasani nikiitwa kusoma kwa sauti, mwalimu hunisubiri kidogo, kisha humwita aliyekaa nyuma yangu. Ila ninaandika. Nina daftari kubwa nililolifunika kwa karatasi ya kalenda, na kila siku kabla ya kulala ninaandika yaliyopita nyumbani. Nani alikuja, alisema nini, alikula nini baada ya kusema ameshiba.

Daftari hilo lishikeni. Litarudi.

Sasa Bibi.

Bibi ni mama yake baba. Kazi yake ilikuwa kulima mwani kule Kibuyuni. Kwa ndugu zangu wa bara: mwani hulimwa baharini. Maji yakitoka, kina mama wanaingia na kamba zilizofungwa kwenye vigingi, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, fundo baada ya fundo, wameinama, maji magotini, mpaka bahari irudi iwafukuze. Bibi alifunga mafundo kiasi kwamba vidole vyake havijui kukaa bure. Hata akiangalia habari, vinafunga pindo la kanga.

Babu alipofariki, Baba alimchukua Bibi akaja kukaa nasi.

Usahaulifu ulianza polepole. Chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Mimi kuniita kwa jina la Shangazi. Kuuliza Babu amerudi saa ngapi.

Na hapa nisimame kidogo, wakuu, niseme jambo. Kwa adabu za kwetu Pwani, ugonjwa huu unaweza kuishi nyumbani mwaka mzima, ukala, ukashiba, na usijulikane. Bibi akimuuliza Mama "umeamkaje" mara tano asubuhi moja, Mama anajibu mara tano, na kila mara anamuuliza yeye pia. Bibi akisimulia kisa kile kile, sote tunashtuka pale pale tuliposhtuka jana. Ungetupita barazani ungesema, familia gani hii yenye mazungumzo mazuri.

Kila mtu alikuwa na jina lake la jambo hilo. Ami Bakari, kaka mkubwa wa Baba, alisema ni uzee. Ami ni mwenyekiti wa kila kamati iliyo na kiti, kwa hivyo akishasema, kikao kimefungwa. Shangazi Mwanaidi alisema ni husuda, akawa anamletea Bibi kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, Bibi anakunywa. Baba, ambaye anafanya kazi hotelini Diani na hurudi siku moja kwa wiki, alisema "tutaona".

Mimi sikusema kitu. Niliandika.

Kisha yakaja mafundo.

Jirani yetu ni Mzee Rashidi, fundi wa injini za boti. Mkewe ni Bi Saumu, mwenyeji wa Kibuyuni, aliyelima mwani na Bibi bega kwa bega. Kwa kweli Bi Saumu alikuja kwetu kumtembelea Bibi tu, Mzee Rashidi akamuona akipita, mambo ya Mungu, akaolewa mlango wa pili. Asubuhi Bi Saumu huwa stendi akiuza mahamri na viazi karai, na Mzee Rashidi huwa gereji. Nyumba yao inabaki tupu.

Siku moja Mzee Rashidi alirudi saa nne kunywa chai, akakuta kamba yao ya kuanikia nguo imefungwa vijikamba. Vingi, vimepangwa sawasawa, hatua kwa hatua. Alidhani ni watoto. Wiki mbili baadaye vikarudi. Baada ya hapo vikafika kwenye ua. Halafu siku moja akamkuta Bibi mwenyewe pale uani kwake, peke yake, hana viatu, kanga ameipandisha magotini, mdomo unatembea, vidole vinafunga.

Mnajua kwetu fundo ni nini. Hata mtoto wa madrasa darasa la kwanza anaisoma sura ya kujikinga na wanaopuliza mafundoni. Mzee Rashidi hakugusa kitu. Aliyatoa kwa kijiti, akayachoma kwa ubani, na ya mwisho akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kifuniko, akaliweka juu ya kabati kama ushahidi. Hakuruhusu mtu kuyaona, hata mkewe. Na mkewe naye akakatazwa kuja kwetu.

Tangu hapo kila lililomharibikia lilikuwa na sababu. Pampu ya kisima ikafa: mafundo. Goti likamuuma: mafundo. Mwanawe wa ndoa ya kwanza akapata D ya Hesabu: mafundo. (Huyo mwanawe yuko darasa langu. D hiyo ilikuwa na historia ndefu.)

Neno lenyewe hakulitamka mbele yetu. Lakini watu walianza kupunguza mwendo wakipita kwetu, na watoto wakaacha kumuamkia Bibi. Mzee akishaitwa jina lile huku kwetu, mnajua kinachofuata. Siandiki. Mnajua.

Wakati huo huo ndipo likaja tangazo la zahanati. Kulikuwa na watafiti wanaowatafuta wazee, wenye kusahau na wasiosahau, wote. Watawauliza maswali ya kumbukumbu, kisha watawatoa damu kidogo. Mama alimshukuru Mungu. Alisema sasa tutapata karatasi ya daktari, na karatasi ikisema ni ugonjwa, mdomo wa Mzee Rashidi utafungika.

Huo ndio ulikuwa mpango wetu, wakuu. Karatasi moja tu.

Sasa tazameni tulivyoutia maji.

Kwanza, damu. Shangazi aliposikia damu ya mama yake itasafirishwa ikatazamwe na wageni, aliona aibu. Alisema damu haiwezi kwenda hivi hivi kama mtu anayetoka kitandani. Siku tatu akamnywesha Bibi maji ya bitiruti, juisi ya ukwaju na supu ya mchicha ili damu iende imeoga. Ukwaju ulifanya kazi yake, ila si kwenye damu. Mama alifua shuka siku tatu.

Pili, Ami Bakari. Yeye aliitisha kikao usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, akatuambia mgeni haoneshwi chumba kisichofagiliwa. Bibi alikuwa mtu wa heshima, na yeye Ami hatakubali Bibi akae mbele ya vijana wa Nairobi wamuulize leo ni siku gani halafu akose. Tutaingia naye sote.

Tuliingia naye sote.

Mhudumu alikuwa dada mmoja kutoka bara, nitamwita Sista Achieng. Mpole, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kukimbia. Alimwambia Bibi, "Shosho, uko poa?" (shosho kwao ni bibi) na Shangazi akanong'ona kwamba shikamoo hana, shosho anayo. Alitupatia viti tukakaa kumzunguka Bibi. Yeye akainamia karatasi zake.

Leo ni siku gani? Shangazi akakohoa, na ndani ya kikohozi kulikuwa na Alhamisi.

Uko wapi hapa? Ami akamsalimia mtu dirishani kwa sauti, karibu zahanati, karibu Msambweni.

Akapewa maneno matatu ayashike: kiti, samaki, ufunguo. Baada ya muda akaulizwa ayarudie. Ami alikigonga kiti chake, akaupindisha mkono kama samaki anayeogelea, kisha akatikisa funguo mfukoni. Mimi nilikaa nikamtazama mzee wa miaka sitini na ushee, mwenyekiti wa bodi ya shule, akiogelea kwa mkono.

Na mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa ubavuni. Bibi alipopewa kalamu achore saa, mkono ukasimama hewani. Alinigeukia. Macho yake yalikuwa yanaomba, wakuu, kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Ninayajua macho hayo kwa sababu ndiyo yangu. Sista alipogeuka kuchukua mpira wa kufungia mkono, nilimshika Bibi kidole, tukachora saa pamoja.

Bibi alipata ishirini na tisa kwa thelathini. Alama moja ilipotea kwenye tarehe, kwa sababu Ami alimpa ya Kizungu na Shangazi akampa ya Kiislamu, na Bibi kwa adabu yake akazitaja zote mbili.

Sista alicheka, akasema shosho ako sharp kuliko yeye. Akamtoa damu, chupa tatu. Kwenye karatasi akaweka alama kwenye kisanduku cha wazee wazima, wasio na tatizo. Hao ndio damu zao zitatumiwa kulinganisha na za wagonjwa.

Tulirudi nyumbani tumefurahi kama waliotoka harusini. Ami aliitangaza ishirini na tisa hiyo msikitini, dukani, na kwa mnyoaji.

Mzee Rashidi aliisikia kwa mnyoaji.

Jioni alimwita mzee wa mtaa, akaweka hoja yake. Na hoja yake, wakuu, ilikuwa safi kuliko zote zilizowahi kusemwa kijijini kwetu. Alisema mpaka jana alikuwa na shaka, huenda yule mama ni mgonjwa. Sasa wataalamu wamempima na wamesema akili yake ni timamu kuliko ya muuguzi. Basi anayoyafanya uani kwake anayafanya kwa kujua.

Akaomba kikao Jumamosi, baraza la madrasa. Na akasema kuna mtaalamu wa upande wa Vanga, anayejua kuwatoa watu wa aina hiyo, ambaye ameshazungumza naye.

Ami alipoletewa habari hiyo hakuitisha kikao, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama alilia jikoni. Hakuna aliyesema turudi zahanati tuseme tulidanganya. Shangazi alisema aibu hiyo bora afe. Nilitaka kusema si wewe utakayekufa. Niliiandika.

Ijumaa baada ya shule nilikwenda zahanati peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikijisemea maneno, na nilipomuona Sista yakatoroka yote. Nilimpa karatasi niliyoichana daftarini. Niliandika hivi: "Shikamoo. Ile saa niliichora mimi."

Aliisoma, akacheka. Akaisoma tena, akaacha kucheka.

Alinikalisha, akaniambia nimweleze pole pole nani alikuwa anamjibia, na nilipomhesabia akashika kichwa. Kisha akanieleza ile damu ni ya nini, na nitawaelezea kama nilivyomuelewa, wataalamu mlio humu mnisahihishe.

Ni hivi. Kila chembe ya mwili wako ina kitabu kile kile cha genes, ulichopewa na wazazi wako. Kitabu hakibadiliki. Lakini juu ya kurasa kuna alama ndogo ndogo, kama za penseli, zinazoiambia chembe soma hapa, hapa ruka, ukurasa huu funga. Alama hizo ndizo wanazoziita epigenetics. Zinabadilika na umri, na mambo mengine mtu anayoyapitia maishani. Watafiti wameona kwamba kwenye damu ya wagonjwa wa Alzheimer's, ndio huo ugonjwa wa kusahau wazee, zile chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili zina alama tofauti na za wazee wazima. Ugonjwa uko kichwani, lakini askari wa damu nao wamebadilika. Hawajajua bado kama alama hizo zinasababisha ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoziandika, au ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana wanakusanya damu, ya wagonjwa na ya wazima, wazilinganishe.

"Na nyinyi mmeniwekea shosho mgonjwa kwa group ya wazima," alisema. "Wanasayansi wangetazama damu yake waseme, sawa, hivi ndivyo mtu mzima anakaa."

Kumbe adabu ya Ami Bakari ilikuwa njiani kuipotosha sayansi ya dunia.

Nilimuuliza kama damu ile inaweza kusomwa kabla ya Jumamosi. Akasema hapana. Si kipimo bado, ni utafiti, na Bibi mwenyewe huenda jibu lisimkute. Labda litawakuta wajukuu. Kisha akaniuliza usahaulifu ulianza lini, na ukoje, kwa sababu daktari atahitaji kujua. Nikasema nimeandika.

"Umeandika nini?"

"Yote."

Jumamosi baraza lilijaa, Baba tu ndiye aliyekosa ruhusa kazini Diani. Hata wasioswali walifika mapema. Bibi aliketi mbele kati ya Mama na Shangazi, amevaa kanga mpya, akiwaamkia watu mmoja mmoja kana kwamba wote wamekuja kumpongeza. Kopo la maziwa lilikuwa juu ya meza, kifuniko kimefungwa kwa karatasi ya gundi. Bi Saumu alikaa upande wa wanawake, nyuma kabisa, haangalii mtu.

Mzee Rashidi alieleza. Pampu, goti, D. Sista Achieng naye akasimama, akasema matokeo yale si halali, familia ilimsaidia. Minong'ono. Ami alikuwa akiitazama dari ya madrasa kama fundi aliyekuja kuikadiria.

Sista akaeleza habari ya damu na alama zake. Alijitahidi, ila baraza lilisikia lilichotaka. Mtu akauliza kama ugonjwa huo unarithiwa. Sista akasema mara chache huwa hivyo, na kuwa na mzazi mgonjwa kunaongeza hatari kidogo, si lazima.

Wakuu, mngeona. Ami Bakari, ambaye miaka yote hupiga kifua kwamba yeye ndiye damu ya mama yake, alisema polepole kwamba watu wote husema yeye amefuata upande wa baba. Shangazi akakumbuka kwamba utotoni alinyonyeshwa na jirani. Dakika tano hazikufika, Bibi alikuwa amebaki hana mtoto.

Mzee Rashidi akauliza swali lake. "Hiyo damu inasema kwamba mama huyu si mchawi?"

Neno likatoka.

Sista akasema ukweli. Damu haiwezi kusema hilo, wala haiwezi leo kusema hata kama ni mgonjwa.

Mzee Rashidi akafungua mikono, kama kusema basi.

Sista akanitazama. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, daftari kifuani. Miguu ikanipeleka mbele bila ruhusa yangu. Mzee wa mtaa aliponiuliza nina nini, nikasema nina siku. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kusoma ya Bibi tu, lakini nikiruka mstari ninababaika, kwa hivyo nilisoma yalivyo.

Nilisoma chumvi mara mbili. Nilisoma Bibi akimuulizia Babu. Nilisoma Shangazi alisema mchuzi wa Mama ni wa hospitali na akaongeza sahani. Nilisoma Mzee Rashidi alikuja kuazima jiko letu la gesi na hajalirudisha, huu ni mwezi wa tatu. Watu walianza kucheka, mzee wa mtaa akagonga meza, akaniambia nisome siku za mafundo tu.

Madrasa yetu hugawa kalenda yenye tarehe zote mbili, ya Kizungu na ya mwezi wa kuandama, na mimi huandika zote; mwezi kumi na tano ni siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame. Nikasoma.

"Jumatano, mwezi kumi na tano. Bibi ametoka baada ya chai, amerudi saa tano na udongo miguuni. Alhamisi, mwezi mosi. Bibi ametoka baada ya chai. Nimemuuliza anakwenda wapi, amesema maji yametoka, atachelewa. Ijumaa, mwezi kumi na sita..."

"Ngoja," mtu alisema.

Alikuwa Bi Saumu. Amesimama.

"Mwezi kumi na tano, mosi, kumi na sita," alisema. "Na siku za katikati? Hatoki?"

Nilipekua. Nikasema hatoki. Siku za katikati anakaa barazani.

"Hiyo ni bamvua."

Wanaume wote wa bahari mle ndani wakageuka pamoja. Bamvua ni zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari inapotoka mbali kabisa. Ndizo siku za kwenda mwanini. Fundi wa injini za boti, mtu anayeishi kwa kalenda ya maji, alikaa miezi akihesabu mafundo na hakuhesabu siku.

Bi Saumu akapita katikati ya watu. Mumewe akamwambia asiguse. Akalifungua kopo, akatoa kijikamba, akakigeuza vidoleni. Akavuta ncha moja. Fundo likafunguka lote mara moja, likawa uzi tu.

"Hili ni fundo la mwani," alisema. "Hufungwa hivi ili siku ya kuvuna lifunguke kwa mvuto mmoja. Aliyenifundisha ni huyu."

Kisha akaufunga tena ule uzi, na aliposema tena hakuwa akituambia sisi.

"Mwaka niliovunjika mguu, alinifungia kamba zangu zote. Za kwake kwanza, halafu zangu. Mimi nimelala ndani, yeye yuko majini." Akamtazama mumewe. "Hakuja kwako, Rashidi. Alikuja kwangu. Anadhani sijapona."

Bibi, aliyekuwa akiangalia kijikamba mkononi mwa Bi Saumu, akainua uso akamtambua. Yeye aliyekuwa hanitambui mimi wiki nzima. Akamuuliza, "Saumu, mguu?"

Bi Saumu akasema, "Afadhali, mama. Shikamoo."

Mzee Rashidi alibaki amesimama. Baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kukaa, akauliza, na pampu je? Bi Saumu akamwambia pampu imekufa kwa sababu yeye fundi wa injini za watu wote hajawahi kuitia oili ile ya nyumbani kwake.

Kikao kikaisha hapo. Yule mtaalamu wa Vanga alipigiwa simu asije. Jiko la gesi lilirudi jioni hiyo hiyo, limesuguliwa.

Wiki iliyofuata Bibi alirudia maswali. Sisi sote tuliwekwa nje, mlango ukafungwa. Ami alikohoa dirishani mara mbili, Sista akafunga dirisha. Safari hii Bibi hakufikisha hata nusu. Nilimsikia Mama akisema alhamdulillahi kwa kufeli kwa mtu, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutokea, wala mimi sijafanyiwa.

Tulikwenda hospitali kubwa na daftari langu. Daktari alilisoma kurasa nyingi, mahali fulani akacheka, sijui wapi, ninaogopa kuuliza. Alisema dalili zote zinaelekea huko kwenye Alzheimer's. Dawa ya kuondoa haipo. Kuna za kusaidia kidogo, na kuna kumzoea.

Damu yake imehamishwa kundi, iko kwenye friji fulani mbali, ikingoja kusomwa alama zake. Mimi huwaza, watakapozisoma, kama kutakuwa na yoyote ya bahari ya Kibuyuni, au ya Babu, au ya ule mwaka wa mguu wa Bi Saumu. Sista alisema hazisomeki hivyo. Najua. Ninawaza tu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kudanganya kwa adabu kuna mahali pake, na kwa daktari si mahali pake. Mkimpeleka mzee wenu kupimwa, kaeni nje. Akikosa, mwacheni akose, kukosa kwake ndiko kutakakomsaidia. Na andikeni siku. Hata kama nyinyi ni waoga kama mimi, andikeni siku.

Mwenye mzazi au bibi wa hali hii aniambie wanaishije naye, nitasoma kila jibu hata nikichelewa kujibu. Wa kuuliza picha, hakuna picha. Na mwenye kunitania kuhusu ile saa niliyoichora, anitanie, nimestahili. Ilikuwa saa nzuri lakini.

Bi Saumu siku hizi amefunga kamba uani kwake kwenye vigingi viwili, chini chini, kimo cha kuinama. Siku za bamvua Bibi huvuka asubuhi, wanafunga vitambaa pamoja mpaka saa tano. Mzee Rashidi huwaletea chai, na hupita mbali na kamba, heshima au woga sijui.

Kesho ni mwezi kumi na nne. Jioni hii nimemuona Bi Saumu akichota maji kisimani, mzima kabisa, anatembea wima. Kisha akamuona Bibi barazani kwetu, akakumbuka, akaanza kuchechemea.